Bi. Ushahidi Anaaga Chumba Namba Nne

Leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba, asubuhi yenye ukungu na baridi kidogo, mwalimu wa Kiingereza wa darasa la jioni anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa kasoro siku thelathini na tisa. Rasimu ya kwanza ya ukurasa huu ilisema miaka ishirini na tisa kamili. Aliisoma, akaizungushia duara jekundu, akairudisha.

Wanafunzi wake ni watu wazima wenye kazi na watoto wao. Ndio waliompa jina la Bi. Ushahidi, naye akalipokea bila kinyongo. Alifundishia chumba namba nne, kando ya stoo ya viti vibovu, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja.

Kazi yake kubwa ilikuwa yale maneno madogo ya Kiingereza yanayokifuata kitenzi na kuwatoa watu jasho. Aliyaita mikia. "Look" peke yake, alieleza, ni kutazama. Ukiipa mkia wa "for", unatafuta. Ukiipa "after", unatunza. Ukiipa "into", unachunguza. Ukiipa "down on", umeshamdharau mtu, na hapo jiandae kuomba radhi.

Orodha za kukariri alizifungia kabatini. Sharti lake lilikuwa moja: kila mwanafunzi aje na sentensi yake ya siku, na iwe ya kweli, jambo lililotokea nyumbani kwake au kazini kwake. Sentensi ya kweli yenye kosa ilirekebishwa na kupewa nusu. Sentensi safi ya uongo ilipata sifuri.

Fundi cherehani mmoja aliandika kwamba anamtunza mama mkwe wake: "I look after my mother-in-law." Haikuwa na doa. Jumamosi mwalimu akapita kwake kupunguziwa sketi kiunoni, akamkuta mama mkwe anafua nguo za nyumba nzima, mjukuu mgongoni. Jumatatu sentensi ilirudi, na iliyopata alama ikawa "My mother-in-law looks after me". Darasa lilicheka mpaka majirani wakaja kugonga mlango. Fundi alinuna siku mbili, kisha akaanza kufua mwenyewe, maana aliitaka sentensi yake.

Mlinzi wa ghala naye aliandika kwamba anapatana na jirani yake, kwa "get on with". Darasa zima lilijua hawasalimiani tangu ule ugomvi wa jogoo. Mwalimu akamwambia hana haraka, sentensi itasubiri. Ilisubiri wiki saba. Shajara ya mwandishi wa ukurasa huu inaonyesha kwamba Jumanne tarehe 12 Machi, mawingu mazito bila mvua, mlinzi alifika na jirani mwenyewe. Jirani alikiri mbele ya watu wote kuwa sasa wanapatana, ila akaomba iandikwe pia kwamba jogoo hajabadilika.

Mwaka huohuo, wa kumi na saba wa utumishi wake, ilikuja barua. Darasa halifuati utaratibu, ilisema. Mkaguzi atafika kuamua kama lifungwe. Wanafunzi thelathini na mmoja wangebaki bila pa kusomea, kwani hakukuwa na darasa jingine la jioni. Sisi wenzake tulimsihi awaandalie sentensi tamu tamu za kumpendeza mgeni. Alituuliza kama na sisi tunataka sifuri.

Mkaguzi alikuja Alhamisi tarehe 9 Mei, mvua ya rasharasha, saa kumi na mbili kasorobo. Alisimama mlangoni dakika nne, mwavuli mkononi, uso wa mtu mwenye safari, akaandika mistari miwili. Mwalimu, asiyejua kubagua, akamwomba na yeye sentensi yake ya siku. Kwa Kiingereza kizuri mkaguzi akasema amelichunguza darasa hili, na mkia wa "into" akauweka panapostahili. Mlinzi alinong'ona kwamba tumekwisha. Mwalimu akampongeza mgeni kwa mkia, kisha akamuuliza kwa upole ameshafungua madaftari mangapi. Hakuna hata moja. Akapewa sifuri yake kama mtu mwingine yeyote.

Kisha mkaguzi akaukunja mwavuli, akaomba kiti, akaletewa kilichokuwa na nafuu stoo. Kwenye daftari la tatu alianza kutikisika mabega. Kwenye la kumi alitaka kujua habari za jogoo. Alitoka saa mbili kasoro dakika kumi, akiwa amefungua yote thelathini na moja na sentensi yake imepata alama kamili. Darasa halikufungwa.

Mwezi uliopita lilikaribia kufungwa tena, safari hii kwa kukosa mtu wa kulishika baada yake. Ofisi ilipouliza nani yuko tayari, karani wa shule, ambaye ndiye mwandishi wa ukurasa huu na aliyejifunza kwake kwenye benchi la nyuma, alinyoosha mkono. Mwalimu hakumkumbatia wala kumpa pole. Alimkabidhi kalamu nyekundu na kumuuliza maandalizi ya somo la kwanza yako wapi. Yalikuwa bado. Yalikamilika kesho yake, na yakarudi na duara.

Mwalimu, kwa niaba ya wafanyakazi wote na wanafunzi wako wote, ahsante sana. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana bila kengele, na siku ndefu za kufanya unalolipenda. Jumatatu saa kumi na moja jioni chumba namba nne kitakuwa wazi. Tafadhali, usije kutukagua kabla ya Januari.