Sifuri Niliyoiandika Juu ya Kisima Hiki

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyeacha vikao vya mjini ukaja kula vumbi pamoja nasi. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji cha Chinyambwe, Mzee Ebenezer. Mchungaji, na wewe Shehe Faridi, mliotufungulia shughuli kwa dua. Bi Evelina, katibu wa jumuiya ya watumia maji, na kamati yako yote. Mwalimu Zipora na wanafunzi wa darasa la sita mliotuimbia vizuri. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliokaa juani tangu saa tatu, poleni. Na kwa salamu yetu ya Kigogo, mbukwenyi!

Naitwa Scolastika Mgonela. Nyumbani kwangu ni Miyuji, na kwa miaka ishirini na saba kazi yangu imekuwa moja tu, kupima maji maabara. Ratiba inasema nina dakika tatu za salamu za maabara. Nikishuka hapa, Mheshimiwa atakwenda kwenye ile koki yenye utepe, ataifungua na kunywa glasi ya kwanza. Ya pili atakunywa Bibi Lea, mkubwa wa wanawake wa kijiji hiki, kwa sababu hapa maji mapya hayatekwi kwa ndoo kabla mgeni na mwenye umri hawajayaonja. Baada yao watapanga foleni watoto. Naomba mnipe zaidi ya dakika tatu, na naomba sana mtu yeyote asiiguse ile koki mpaka nimalize.

Hotuba niliyoiandaa iko mfukoni, nimeikunja. Ninaogopa.

Mmemsikia mshereheshaji wetu sasa hivi akisoma kipeperushi: "Vimelea vya kinyesi, asilimia sifuri." Vigelegele vikapigwa, nami nikapiga makofi kama ninyi. Nilipiga makofi kwa sababu kila mtu alikuwa ananitazama. Ile sifuri niliiandika mimi, kwa mkono huu, na ninataka kuwaambia niliipataje.

Wiki tatu zilizopita nilikuja hapa na gari la ofisi. Nilijaza chupa mbili za kupimia chumvi na madini, na nyingine tano za kupimia vimelea. Zile mbili zilipimwa. Chumvi iko sawa, floridi iko sawa, na majibu hayo nayasimamia mbele ya yeyote. Zile tano zinataka kukaa kwenye kabati la joto siku nzima, kwa joto lisilopanda wala kushuka, ili kama kuna kimelea kiote tukione. Jioni ile waya wa jengo letu ukaungua. Asubuhi nikakuta kabati limepoa kama chungu cha juzi. Kanuni ya kazi inasema sampuli za namna hiyo hazina maana tena, mwaga, ukachote nyingine. Nikamwaga.

Kuchota nyingine kulitaka gari, na gari lilikuwa Kondoa. Tarehe ya uzinduzi ilikwishapangwa, kadi za mwaliko zilikwishatoka. Nikakaa mbele ya kompyuta nijaze fomu. Sampuli zilizopimwa: sifuri. Zilizokutwa na vimelea: sifuri. Kisanduku cha tatu kompyuta hujaza yenyewe, inachukua zilizokutwa na vimelea inagawa kwa zilizopimwa, inakupa asilimia. Safari hii haikunipa namba. Ikaandika kosa. Nikabonyeza kutuma ripoti, mfumo ukakataa. Nikabonyeza tena, ukakataa. Mkuu wangu wa kitengo, Bwana Bernardo, akapita nyuma yangu akasema, "Mama Mgonela, weka sifuri hapo mambo yaende." Simtupii lawama, maana yeye alikuwa anapita tu na aliyekaa kwenye kiti nilikuwa mimi. Ofisini kwetu kisanduku kitupu kinatutia hofu kuliko kisanduku chenye uongo. Nikafuta lile kosa, nikaandika sifuri, ripoti ikapaa.

Ndugu zangu, mtu anaweza kuuliza, kwani kuna ubaya gani? Sifuri ukiigawa kwa sifuri, si ni sifuri? Ngoja niwaulize wenye hesabu zao. Darasa la sita, simameni. Kumi na mbili gawa kwa tatu? Nne, vizuri. Mmejuaje? Kwa sababu nne mara tatu ni kumi na mbili. Kugawanya ndiko huko, ni kutafuta namba ambayo ukiizidisha unarudi ulikotoka. Haya, kumi na mbili gawa kwa sifuri? Tafuteni namba ambayo ukiizidisha kwa sifuri unapata kumi na mbili. Naona vichwa vinakunwa. Hamtaipata, hata mkiitafuta mpaka mwisho wa muhula, kwa sababu haipo.

Sasa sifuri gawa kwa sifuri, ambayo ndiyo ya kisima hiki. Tafuteni namba ambayo ukiizidisha kwa sifuri unapata sifuri. Sifuri inafaa? Inafaa. Tano je? Tano mara sifuri, sifuri, nayo inafaa. Arobaini? Mia? Nimewasikia, zote zinafaa. Kaeni, wanangu, Mungu awabariki.

Wazee, mmesikia walichosema watoto? Kwamba pale nilipoandika asilimia sifuri ningeweza kuandika asilimia mia, na hesabu isingenisuta. Maji haya yanaweza kuwa safi kama machozi. Yanaweza pia kuwa na kinyesi katika kila tone. Karatasi mliyoshika mikononi haijui, kompyuta haijui, na mimi mwenye miaka ishirini na saba ya kazi sijui. Ndiyo maana wataalamu wa hesabu walikataa kuipa jibu. Hawakushindwa. Waliona kwamba ukilazimisha jibu pale, utaweza kuthibitisha lolote, na mwongo yeyote atapata pa kukaa. Hesabu ilikataa, ndugu zangu. Mimi ndiye niliyekubali.

Nimelala na jambo hili wiki tatu. Nilijiambia kisima ni kirefu, mwamba unachuja, hakuna neno. Halafu leo asubuhi nimeshuka kwenye gari, nikaona zizi la mbuzi pale juu, hatua kama arobaini kutoka kisimani, na fundi akanisimulia kwamba walipofunga pampu waliacha mdomo wa bomba wazi siku mbili, na siku ya pili mvua ilinyesha. Wakati huohuo akaja Bi Evelina, kwa ukarimu wake, na kikombe cha maji ya bomba hili hili, akaniambia, "Karibu mtaalamu, wewe onja kabla ya wakubwa." Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia nimefunga.

Chekeni tu, nimestahili. Mimi ni Mkatoliki, leo ni Alhamisi, na Kwaresima ilikwisha zamani. Shehe Faridi alikuwa karibu akanisikia, akasema, "Mwenyezi Mungu akupokelee." Shehe, nakuomba radhi. Dua yako ilikuwa ya kweli na ikaangukia uongo. Lakini ilinichoma, maana nilikwenda kukaa pale nikajiuliza: ikiwa mimi niliyeandika sifuri siwezi kuinywa, ni kwa haki gani nimwache Bibi Lea ainywe? Bibi amekuja na kikombe chake mwenyewe cha bati, amekipakata toka asubuhi. Amechimba mchanga wa korongo kutafuta maji tangu akiwa msichana. Anafaa kudanganywa huyu?

Sasa najua linalosemwa kimoyomoyo, na pale nyuma naona tayari linasemwa kwa midomo. Wakati wa chanjo tuliambiwa tuwaamini wataalamu. Wakati wa mbegu mpya za mtama tuliambiwa tuwaamini wataalamu. Leo mtaalamu mwenyewe amesimama anasema aliandika asichokijua. Basi sayansi yote ni porojo, bora turudi korongoni kwetu. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko barua ya onyo. Niliogopa kwamba nikisema kweli nitavunja imani ya watu, na nikinyamaza nitavunja matumbo yao. Nimekaa katikati ya hofu hizo mbili kama mtu aliyeshika ng'ombe wawili kwa kamba moja.

Niwajibu kadiri ninavyoweza. Msiniamini mimi kwa sababu nimevaa koti jeupe, wala msiliamini koti. Mtu akikuletea namba, muulize umepima vingapi. Swali hilo halihitaji shule, na laiti mngeniuliza leo asubuhi ningeumbuka papo hapo. Sayansi inayostahili kuaminiwa ni ile inayokubali kuulizwa hivyo, na ambayo pasipo na jibu inasema hakuna jibu, hata kama mgeni rasmi amekwisha kufika na mbuzi amekwisha kuchinjwa. Nilichofanya mimi hakikuwa sayansi. Nilikuwa mtumishi anayetaka ripoti yake ipite. Mkiitupa sayansi pamoja na uongo wangu, hasara hiyo itakuwa juu ya kichwa changu, na sitaweza kuilipa.

Na korongo msilikimbilie kwa hasira. Hilo nalo sijalipima, ila ng'ombe wanakunywa hapohapo, na hilo kila mmoja wenu analijua bila maabara. Kwa siku mbili hizi, maji ya kunywa chemsheni, yatoke hapa au yatoke korongoni, mpaka yatokote vizuri. Ninajua kuni ni shida. Ninajua ninawaongezea safari akina mama ambao leo walikuja na ndoo wakidhani safari zimekwisha. Mama zangu, nimewatazama wakati wa nyimbo, na nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Mheshimiwa, najua ninakutia katika wakati mgumu. Waandishi wapo, kamera zipo, utepe umefungwa. Mimi nimebakiza miezi kumi na moja kustaafu, na nyumbani wananitegemea watu sita. Aliponiona nakuja hapa bila karatasi Bwana Bernardo alinishika mkono akasema, "Mama, fikiria." Nimefikiri, Bwana Bernardo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha kijiji kizima sikiwezi. Kama nitafukuzwa, nitafukuzwa nikiwa nalala usingizi.

Ninachoomba ni kidogo. Glasi ziwekwe kando. Koki nitaifungua mimi, kwa ajili ya kuchota tu. Nimekuja na chupa tano mpya, kisanduku cha barafu, na jenereta inanisubiri mjini nikihitaji. Majibu yatakuwa tayari Jumamosi, na yatabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji yakiwa na idadi ya chupa, siku na jina langu. Yakiwa mazuri, nitaomba nialikwe tena. Yakiwa mabaya nitakuja hata bila kualikwa, niwaambie kwa mdomo wangu, na tutatibu kisima mbele yenu kisha tupime upya. Sijui yatakuwaje. Ninarudia ili asiwepo wa kusema sikusema: sijui.

Shukrani zangu ni kwa kamati iliyohangaika miaka mitatu kwa ajili ya kisima hiki, kwa Mwalimu Zipora aliyewafundisha hesabu watoto hawa vizuri kuliko nilivyoitumia mimi, na kwenu nyote mlionisikiliza bila kunizomea, ingawa mlikuwa na sababu. Mzee Ebenezer, nipe watu watano wa kunisimamia nikichota, mmoja kwa kila chupa, na wengine wawili wapande gari twende nao mpaka maabara wakalinde kabati.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa naomba macho yenu. Nani anakuja kuhesabu chupa?