Kipimo cha Harisa

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na rundo la matofali, na ukikalia upande wa matofali usithubutu kubishana kwa mikono. Leo kakaa hapo kinyozi mwenyewe, Mashine, kijana anayejisifu hata akipiga chafya. Mapajani kapakata kopo la harisa, unga mwekundu wa pilipili na bizari wa Afrika Kaskazini, zawadi ya dereva wa lori anayemnyoa. Jana alimtambia mama mkwe: kesho mchana njoo, nitakupikia kuku mpaka usahau kwenu. Kuku keshaoshwa, yuko jikoni. Mashine hajui atie kiasi gani, ila kuliko kusema hivyo, bora anyolewe nyusi.

— Kiasi ninakijua, alisema. Nawapima nyie tu.

— Nusu kopo, alisema Spoku, fundi baiskeli. Huko jangwani usiku baridi kali. Pilipili ndiyo blanketi lao, wanajifunika kwa ndani.

— Acha uongo! alidakia Profesa, mlinzi wa duka la mkabala. Kuku analishwa pilipili akiwa hai. Inapita kwenye damu mpaka ukucha.

— Keshachinjwa, Profesa, alisema Mashine.

— Ndiyo nakwambia umechelewa!

Spoku akachota kwa kidole, akatia kwenye birika la kahawa lililokuwa kati yao.

— Tujaribu hapa. Kahawa ikistahimili, kuku ni nani?

Wakanywa.

— Mashine, unalia? aliuliza Spoku.

— Nani? Hili jasho, limepotea njia.

Profesa akasema bado, akaongeza. Mashine, asionekane mwoga kijiweni kwake, akainamisha kopo. Spoku akamimina maji ya moto kuokoa maisha, kisha akaona yamezidi, akatia tena. Kufika duru ya nne walikuwa wanalamba midomo, wanapigana vikumbo kugombea birika.

Ndipo mama mkwe akatokea, kabla ya saa yake, mkoba begani.

— Shikamoo mama! Mashine akaruka, benchi likayumba, Profesa nusura aende na matofali.

— Marahaba baba. Mnakunywa nini kinanukia hivi?

Wakamkabidhi kikombe cha mwisho. Akanywa, akafumba macho, akakohoa kidogo, akacheka mpaka akashika kiuno.

— Lo! Huu ndio ukali ninaoutaka kwenye huyo kuku. Usizidishe, usipunguze. Humu mmetia kiasi gani?

Mashine akamtazama Spoku. Spoku akamtazama Profesa. Profesa akachungulia birika: kavu.

— Mama, alisema Mashine, na kwa mara ya kwanza tangu afungue kibanda sauti yake ilikuwa ndogo, tulikuwa tunabishana.

Mama mkwe akachukua kopo, akalitikisa sikioni. Unga bado umo.

— Basi funga kibanda. Na hawa uje nao. Twendeni mkabishane jikoni.