Hermínio Luís Namalenga, Fundi wa Miguu Isiyonyanyuka

Baba padre, masheikh wa mtaa, wazee, wenzake wa kazini, na ninyi majirani mlioacha shughuli zenu kuja kutusitiri, mimi ni Beatriz, dada yake marehemu, niliyembeba mgongoni alipokuwa mchanga, na nimesimama hapa kwa niaba ya ukoo. Historia waliyoiandika wajomba ilikuwa nusu ukurasa, nzuri, imenyooka, na ya uongo, nimeichana. Marehemu aliniapisha akiwa kitandani nisome yote mbele ya watu wote, kwa sababu alisema jambo lililofichwa haliombewi msamaha, basi atakayekasirika na anivumilie, akishindwa njia ile pale.

Hermínio alizaliwa tarehe 14 Mei 1983 huko Mueda, mtoto wa tatu wa mzee Luís na mama Ilda, ambao wote wametangulia mbele ya haki, na alizaliwa katika nyumba ambayo baba alikuwa na mguu mmoja, kwani miaka miwili kabla yake mzee alikanyaga bomu la zamani la vita akilima muhogo. Shule ya msingi alisoma pale pale Mueda kuanzia 1990 hadi 1996, sekondari akaimalizia Pemba mwaka 2003, na mwaka 2005 akaenda Maputo kusomea ufundi wa miguu ya bandia na vifaa vya kushikilia viungo vilivyolegea, vile ambavyo sisi wote tunaviita aparelho. Akarudi Desemba 2007 na cheti, na maringo. Lo, maringo! Alikaa barazani akitaja maradhi ya wapita njia, huyu nyonga, huyu goti, yule mshipa wa kisigino umefupika, na mara nyingi alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomponza.

Alianza kazi Pemba tarehe 3 Machi 2008, akahamia hapa Palma mwaka 2014, na wengi mliomo humu mmetembea kwa mikono yake. Kazi ya wayo ulioanguka alinieleza mara nyingi, nikiwa naparua samaki na sitaki kusikia, kwamba mbele ya muundi kuna msuli unaonyanyua vidole, na mshipa wa fahamu wa msuli huo unapita nje ya goti, chini kidogo, juu ya mfupa, karibu kabisa na ngozi, ukiumia pale wayo unaning'inia, na mtu inambidi anyanyue goti kama anayepanda ngazi ili vidole visikwaruze chini, kisha wayo unapiga ardhi, paa. Dawa yake ni plastiki inayoshika shavu la mguu kwa nyuma, ikapita chini ya wayo, ikafungwa mkanda mbele ya kifundo, na ole wake fundi atakayeiacha iubane ule mfupa wa nje ya goti, maana atakuwa ameua mara ya pili kitu kilichokwisha umia.

Tarehe 9 Agosti 2009 alifunga ndoa na wifi yangu Ana, mwanamke mwenye mdomo mkali na mkono wa kutoa, wakajaliwa Cleide mwaka 2010 na Orlando mwaka 2014, hao mnaowaona wamekaa mkekani.

Mwezi Machi 2021 Palma ilipovamiwa na waasi wenye silaha, watoto walikuwa kwangu Mueda, shukuru Mungu. Hermínio alijisukuma chini ya sakafu ya ghala ya mbao nyuma ya nyumba, Ana alikuwa nyuma yake hatua tano, hakufika. Chini pale hapaonekani kitu kilicho juu ya magoti ya watu, hivyo mume alimwona mkewe akichinjwa bila kuona uso hata mmoja, aliona miguu minane, na mmoja wa kulia ulikuwa umeanguka wayo, goti juu, paa, goti juu, paa, ukazunguka mwili wa Ana, ukaenda zake. Alikaa pale hadi damu ilipotiririka chini ya mbao na kumlowesha shingo. Akatembea siku nne porini, alipofika kwangu hakulia, alichora ule mwendo mchangani kwa kidole, akaufuta, akauchora tena.

Alirudi Palma Februari 2023 karakana yao ya viungo bandia ilipofunguliwa upya, na tarehe 12 Septemba mwaka huo akaja mvuvi wa Quionga, jina lake Momade, mguu wa kulia, wayo umeanguka. Hermínio alimpitisha mara tatu katikati ya vyuma vya kujishikia, akasikia paa, na moyo wake ukahukumu. Alimpima miguu yote miwili kama alivyofundishwa, akaandika kwenye ficha, yaani kadi ya mgonjwa, akamfunga jasi kuchukua umbo la mguu, akamwambia arudi Alhamisi. Jioni akanipigia simu. Na hapa sisomi habari za mtu mwingine, nasoma zangu, kwa kuwa mimi Beatriz nilimwambia kama yeye ni mwanamume asingoje serikali, nikamwuliza kama Ana alimpikia bure miaka yote ile, na nikawatuma wanaume wanne wa ukoo wetu. Wawili wamekwisha kufa. Wawili wako hapa, wanajijua, na waache kutazama chini.

Alhamisi tarehe 14 walimkamata Momade mlangoni pa karakana, wakampeleka nyuma ya minazi, wakaanza na mguu ule ule, kwa panga, chini ya goti, kisha wakaendelea. Alikuwa amekuja na mkewe, Bi Wahida, aliyekuwa amekaa kwenye benchi ameshika kiatu kipya cha mumewe, cha kuvalia aparelho. Alisikia kila kitu. Alipokimbilia kule walimpiga ubapa wa panga usoni, akaanguka na kiatu mkononi.

Siku ya tatu Hermínio aliingia karakana kuvunja lile umbo la jasi, akaichukua na ficha aichome, ndipo kwa mara ya kwanza akaisoma. Shavu la mguu wa kulia sentimita 33, la kushoto 33 na nusu. Hebu nisikilizeni, kwa kuwa hili ndilo jambo lenyewe, msuli uliolala miaka miwili na nusu hunyauka, fundi yeyote anajua, mguu ule ungepungua sana, unaona kwa macho bila futi, na mguu wa Momade ulikuwa bado umejaa. Juu yake, kwa mwandiko wa ndugu yangu mwenyewe, yalikuwa maneno ya mgonjwa, kwamba alipigwa na mti wa mashua nje ya goti mwezi Juni mwaka ule ule wa 2023. Mwaka Ana alipouawa, mtu yule alikuwa anakimbia kama ninyi. Wanaotembea hivyo ni wengi, Hermínio alikuwa amewatengenezea mwenyewe kwa makumi, na siku ile akasahau. Tulimwua mtu bure.

Alijipeleka kwa wenye madaraka, wakamwambia arudi kesho, kesho ikawa mwaka. Akaenda Quionga kwa miguu, akamweleza Bi Wahida kwa kinywa chake, na shemeji za marehemu Momade wakamvunja mtulinga na mbavu mbili, haki yao. Bi Wahida hakumpiga. Tangu hapo hakuyataja tena maradhi ya wapita njia, na wanafunzi wake aliwalazimisha wasome vipimo kwa sauti mbele ya mgonjwa kabla ya kugusa jasi.

Tarehe 6 Novemba 2025, akitoka kuwafungia watu vifaa Mucojo, gari lao lilisimamishwa barabarani na wenye silaha, wakamkata bega na tumbo, wakamwacha wakidhani amekwisha. Aliishi siku tisa hospitalini, jeraha likaoza, homa haikushuka, akafariki Jumamosi tarehe 15, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Tunawashukuru madaktari na manesi waliomsafisha siku zote tisa bila kuziba pua, muuguzi wetu, enfermeira Yasmin, aliyechangia damu yake, majirani, Waislamu na Wakristo, mliochimba kaburi, na wenzake wa karakana mliomshonea sanda.

Bi Wahida amekuja. Hakuitwa, amekaa nyuma ya wanawake kwenye kanga ya bluu, na sijui amekuja kulia au kuhakikisha. Dada, desturi inanitaka nimalizie kwa kumwambia ndugu yangu pumzika kwa amani, na nimejaribu kulitamka neno hilo tangu jana, haliji, kwa sababu amani hiyo tuliichukua kwako. Mimi niliyewatuma nakupigia magoti. Ukilisema wewe, tutaitikia. Ukilikataa, tutamfukia kimya.