Wenye Miguu Mirefu, Nyuma!

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Naona mama mchungaji ameshashika kichwa na sijasema hata neno. Tulia, mama, leo nimeruhusiwa. Mmeniona nikija hapa mbele nikichechemea, hiyo tutaifikia. Hata dada yangu, yule pale benchi la tatu, amekubali nisimulie yake, kwa sharti moja: "Usitie chumvi." Sitatia. Labda pilipili.

Mnanijua. Katika timu ya basketi ya chuo mimi ni wa benchi. Kazi yangu kubwa ni kuchekesha. Dada yangu ndiye mchezaji wa ukweli, timu ya wasichana.

Jioni moja akitoka mazoezini, wanaume wawili walimkamata karibu na steji ya boda. Alipiga kelele, akawaponyoka, akakimbia hadi nyumbani. Na watu, badala ya pole: "Kwani alivaa nini?" Alivaa jezi ya chuo, ndugu zangu! Ile ile ninayovaa mimi, na mimi sijawahi kukamatwa na mtu. Akafungia raba zake sandukuni, akasema basketi basi. Pale kwetu, mtaa wa Hai Malakal, hakuna aliyecheka tena. Mimi nikakaukiwa. Nawaambia, nilikuwa nikianza kichekesho, nakimeza.

Ndipo wasichana wakapanga matembezi ya kupinga ukatili wa kingono, kutoka chuoni, kupita steji hiyo hiyo, hadi Hai Jalaba. Wakatualika na sisi timu ya wavulana. Kapteni wetu akaguna, "Ya akhu, ndugu yangu, tutachekwa Juba nzima."

Nikamwambia, "Kapteni, urefu wote huo Mungu alikupa ubadilishe balbu tu?" Timu ikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nikasema, "Dada yangu hachezi tena."

Kapteni akaangalia chini. Halafu, "Tunaanza saa ngapi?"

Dada alikubali kuja, lakini akanionya: "Nikifika steji, huenda nikarudi."

Siku ikafika. Kwa kuwa sisi ni warefu, tukapewa bango tulibebe mbele. Kosa hilo! Miguu yetu mnaiona. Tukaimba, tukakanyaga vumbi, tukafika steji kwa mbwembwe. Nikageuka. Hakuna msichana hata mmoja! Wako kule mbali, wadogo kama siafu. Na sisi majitu tumesimama peke yetu na bango: MWILI WANGU SI MALI YAKO.

Waendesha boda walikaribia kuanguka kwenye pikipiki. "Malesh, warembo! Poleni! Nani kawashika?"

Nilitaka kujifunika na lile bango. Lakini kapteni akajibu polepole, "Hakuna aliyetushika. Tunapita hapa kila siku bila woga. Dada zetu je?"

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja wa boda akazima injini yake. "Binti yangu hupita hapa," akasema. Akawageukia wenzake. "Zimeni na nyinyi."

Wakazima.

Wasichana wakafika wakihema. Kapteni wao akafoka, "Nani aliwaambia haya ni mashindano? Wenye miguu mirefu, nyuma!" Akatunyang'anya bango, akaangalia nani alishike upande wa pili.

Dada yangu akatoka kwenye kundi. Akalishika. Ndugu zangu, alipita steji ile kichwa juu, injini zote kimya, na sisi nyuma tukipiga hatua za bibi harusi, tukiogopa kumpita!

Asanteni nyinyi mliokuja nyumbani mkakaa naye bila kumhoji. Asante kwa wasichana waliotufunza kutembea. Na vijana wenzangu, nendeni mkatembee nao, ila mwendo wapange wao.

Kuhusu huu mguu: jana sanduku lilifunguliwa, raba zikatoka. Dada akanipiga chenga moja uwanjani, nikaanguka kama gunia la mahindi. Akacheka hadi akakaa chini.

Kwa hiyo msiniombee nipone haraka. Haya maumivu nayapenda.