Pantaleo Ngassa, Aliyengoja Kusalimiwa

Mwangaluka, wasikilizaji wapendwa. Wewe uliye Kharumwa, wewe uliye Maganzo, wewe uliye njiani na redio mfukoni, mwangaluka. Nimeanza na salamu kwa makusudi. Mtu tunayemkumbuka asubuhi ya leo aliwahi kukataa kuwasha umeme kwa sababu hakusalimiwa.

Mzee Pantaleo Ngassa amefariki dunia Jumanne iliyopita, nyumbani kwake Geita. Alikuwa na miaka tisini na mmoja.

Turudi mwaka 1954. Pantaleo ana miaka ishirini na mitatu. Mgodi mmoja wa dhahabu huku kwetu umejenga mtambo wa umeme kando ya ziwa, na kutoka hapo laini ya nguzo maili kumi na nane mpaka mgodini. Volti elfu thelathini na tatu. Narudia, elfu thelathini na tatu. Umeme wa nyumbani kwako haufiki mia tatu, na ukikugusa unakutupa. Laini ile ndiyo iliyoendesha pampu za kutoa maji chini ya ardhi. Pantaleo alikuwa mtu wa swichi kule mtamboni. Yeye ndiye aliyezima, yeye ndiye aliyewasha.

Sasa, Wasukuma na salamu mnawajua. Mimi Mzinza, jirani yao, nina ruhusa ya kulisema hili. Msukuma akipiga simu ataanza na mwangaluka, atakuita kwa jina la baba yako, atauliza watoto, atauliza ng'ombe, ndipo akwambie kwamba nyumba inaungua. Injinia wa mtambo, Mzungu asiye na subira, akachoka. Akabandika karatasi juu ya simu: Salamu marufuku, sema kazi tu.

Pantaleo alitii. Mwezi wa Oktoba, laini ikiwa imezimwa kwa matengenezo, simu ikalia, sauti ikasema, "Laini tayari, washa." Akawasha. Kumbe aliyepiga alikuwa karani wa mgodini, aliyedhani mafundi wamemaliza. Fundi Donatus alikuwa bado juu ya nguzo. Hakushuka akiwa hai.

Injinia aliandika kwamba marehemu alichelewa kushuka. Pantaleo alikaa msibani siku tatu bila kutia kitu mdomoni. Binti yake Apolonia, Mama Limi, ametuambia hivi: "Baba alikuwa anasema, sauti isiyosalimu haina mwenyewe. Ukiitii, utamtafuta nani baadaye?"

Basi akakubaliana na mafundi wa laini, kimya kimya. Anayepanda nguzo ndiye atakayepiga simu akishashuka, kwa simu ya mkoba ambayo mafundi huiunga kwenye waya wa simu pale pale njiani. Atasalimia kwa sauti yake mwenyewe, na Pantaleo atamwitikia kwa jina la baba yake. Bila salamu, swichi haiguswi.

Haikupita muda mrefu. Novemba, alfajiri, radi ilipiga laini na kupasua vikombe vya nguzo ya mia na kumi na mbili, vile vya kaure vinavyoshika waya. Umeme ukakatika mgodini. Pampu zikasimama. Fundi Maduhu Mageni akatumwa kubadilisha vikombe, na Pantaleo akazima swichi kubwa ili apande salama.

Wasikilizaji wapendwa, chini mgodini kulikuwa na watu arobaini. Winchi ya kuwapandisha nayo ilikuwa ya umeme. Maji yalikuwa yanapanda. Na mmoja wa wale arobaini alikuwa Cornel, mdogo wake Pantaleo, tumbo moja.

Saa tatu asubuhi simu ikalia.

"Laini tayari. Washa."

"Mwangaluka," Pantaleo akasema. "Ng'wana nani?" Yaani, wewe ni mtoto wa nani.

"Acha mambo yako. Lori la mafundi limerudi, nimeliona. Watu wanakufa huku. Washa."

Injinia alikuwa amesimama nyuma yake. Akasema, "Umesikia. Washa."

"Maduhu hajanisalimia, bwana."

"Ndugu yako yuko chini kule."

"Najua aliko."

Alichofanya Pantaleo baada ya hapo hakimo katika kitabu chochote cha umeme. Alichomoa mpini wa swichi, akakaa kwenye kigoda, akaubana katikati ya magoti. Injinia alimwambia kazi yake pale imekwisha. Alimwambia atamfunga. Alimshika mkono ili aunyang'anye, akashindwa, maana Pantaleo alikuwa mtu wa jembe kabla hajawa mtu wa swichi.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Lakini siku ile, kila dakika ya kwenda pole, maji yalipanda. Dakika ishirini na tatu. Marehemu Cornel aliwahi kuhojiwa hapa hapa redioni, alisema: "Maji yalinifika kifuani. Nilimlaani mtu wa swichi, na nilijua ni kaka yangu."

Simu ikalia tena.

"Mwangaluka, ng'wana Ngassa."

"Mwangaluka, ng'wana Mageni. Mhola?" Ni amani?

"Mhola. Nimeshuka."

Pantaleo akarudisha mpini, akawasha. Ndipo akakaa sakafuni, akalia. Lori lile lilikuwa limefuata vikombe vingine. Maduhu alikuwa juu ya waya muda wote ule.

Watu arobaini walitoka, wote. Pantaleo alifukuzwa siku hiyo hiyo. Mafundi wakagoma kupanda nguzo hata moja mpaka arudi, na baada ya wiki mbili akarudi. Karatasi ya injinia ikabanduliwa. Utaratibu wa salamu ukawa sheria ya laini ile, na Pantaleo akaufundisha kwa vijana wa umeme mpaka anastaafu akiwa fundi mkuu.

Kwa Mama Limi, kwa wajukuu, na kwa ukoo wote wa Ngassa, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize: tunapoharakishwa, ni nani yuko juu ya nguzo?

Juzi asubuhi nilikuwa mazikoni. Mzee Maduhu aliletwa na wajukuu, akiwa na miaka tisini na minne. Alisogea mpaka ukingoni mwa kaburi.

"Mwangaluka, ng'wana Ngassa," alisema.

Akanyamaza. Mjukuu akataka kumshika mkono amrudishe, akadhani mzee amesahau maneno. Maduhu akamzuia, akaendelea kungoja. Alingoja muda mrefu kweli, na hakuna aliyemharakisha.

Kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeitikiwa.

"Mhola," akasema. "Nimeshuka."