Mkono wa Pili wa Mlinzi

Koh! Kikohozi kimoja tu, chembamba, kilipenya ukuta wa udongo katikati ya usiku, kisha kimya. Mtaa wetu wa wachonga mawe hapa Kalhu, mji wa mfalme, ukakaa macho ukingoja cha pili. Hakikuja, na hatukujua tushukuru au tuogope. Asubuhi tukamkuta Vidole ametutangulia kijiweni, kwenye lile bamba lililopasuka tulilolilaza nje ya lango la karakana, mtungi wa pombe ya shayiri mbele yake na mirija ya mwanzi imesimama ndani. Hapa majina yetu ni kazi zetu. Manyoya huchonga mabawa. Ndevu huchonga ndevu, ingawa kidevu chake mwenyewe ni kitupu kama yai. Vidole huchonga mikono. Mimi husugua, basi naitwa Mchanga.

— Mgeni kaamkaje? nilimuuliza Vidole.

Mgeni ni mwanawe, wa miezi minne. Wawili waliomtangulia walitangazwa majina juu ya paa, na Lamashtu, yule pepo mla watoto, akasikia. Hakuna aliyeota jino. Jina la huyu wa tatu walilijua baba na mama tu.

— Kaamka. Ananyonya kidogo.

— Sasa mbona uso umesawijika hivyo? aliuliza Manyoya.

— Msimamizi anakuja adhuhuri. Geukeni mtazame.

Tukageuka. Uani, juu ya magogo, alilala mlinzi wetu: mtu mwenye mabawa aliyechongwa kwenye bamba la jiwe, mrefu kuliko mlango, anayekwenda kusimama chumbani kwa mfalme. Mkono ulioinuliwa una tunda la msonobari, ulioshuka una ndoo ya maji ya kufukuzia pepo wabaya. Manyoya yake yamefuatana kama beti za wimbo. Kisha nikaona: gumba la mkono wa ndoo limekaa upande usio wake.

— Yuu! Ana mikono miwili ya kulia!

— Siku tatu sijalala, alisema Vidole. Msimamizi akiuona, bamba litavunjwa, nami nitapelekwa machimboni ng'ambo ya mto. Mwezi mzima, na mtoto anakohoa. Nikirudi nitamkuta?

Ndevu akamsogezea mrija.

— Tulia, kaka. Kosa moja haliachi mke, litavunja jiwe? Tena wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana.

— Huyo anayo miwili, Ndevu!

— Ndiyo maana nasema! Tena ya kulia yote. Atalea maradufu.

Manyoya akavuta mrija, akafuta mdomo.

— Mkono wa kushoto kazi yake tunaijua, ni ya chooni. Mlinzi hali, hanywi, wa kushoto wa nini? Waliokosewa ni wale tuliochonga zamani.

— Kwa hiyo ukuta mzima wa mfalme umekosewa? nikamuuliza.

— Sijasema mimi. Umesema wewe.

— Nisikilizeni, alisema Ndevu, akishusha sauti. Hawa usiku hushuka ukutani. Nimesikia mabawa kwa masikio yangu.

— Ulisikia mkeo akikung'uta mkeka, alisema Manyoya.

— Cheka tu. Mfalme mkono mmoja wa kulia unamtosha. Huu ni wa ziada. Yeye akilala, wa ziada unatoka dirishani na ndoo yake, unanyunyiza milango yetu mmoja mmoja.

— Mkono peke yake, bila mwenyewe?

— Amri ya mfalme hukufikia na mwenyewe amelala. Itashindwa mkono?

Tukacheka, hata Vidole. Lakini macho yake hayakutoka kwenye ule mkono, na kweli ulikuwa mzuri: nyama laini chini ya kucha, ua la bangili juu ya kifundo, vidole vimeshika mpini wa ndoo kama unavyomshika mtoto aliyepitiwa na usingizi sasa hivi.

Hapo akafika Ubru, mwandishi, na patasi yake. Yeye ndiye huchonga maneno ya mfalme viunoni mwa walinzi wetu. Akaingia uani, akainama juu ya mlinzi.

— Mkono mzuri huu, alisema. Sijaona mfano wake.

— Lakini msimamizi, ndugu yangu... alianza Vidole.

— Msimamizi hatazami mikono. Hutazama kama nimekosea jina la mfalme. Nitapitisha mistari yangu papo hapo, juu ya gumba. Nani atathubutu kuyakwaruza maneno ya mfalme?

Ndevu akamsimulia haraka habari ya mkono wa ziada. Ubru hakucheka.

— Basi nyuma ya bamba kuna nafasi, upande utakaoelekea ukuta, asikosoma mtu. Mkono wa kwanza unamlinda mfalme, hilo naliandika mbele. Huu wa pili unamlinda nani?

Manyoya akamtazama Ndevu, Ndevu akanitazama mimi. Miezi minne tumemjua mtoto yule, kilio chake, kikohozi chake, siku kitovu chake kilipodondoka. Lakini jina la kuandikwa hatukulijua. Wageni duniani ni wengi. Mirija ikavuta hewa. Pombe ilikuwa imekwisha.

Vidole akainuka, akaingia uani, akaweka kiganja juu ya mkono ule wa jiwe, kidole juu ya kidole. Akayatazama mapaa, moja baada ya jingine. Kisha akasema kwa sauti kubwa, asikie atakayesikia:

— Liblut. Mwanangu ni Liblut: na aishi.