Marehemu Profesa Baldur Eyjolfson na Panya wa Mkewe, 1951–2024

Profesa Baldur Eyjolfson alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 shambani, karibu na Arborg, Manitoba, mtoto wa kwanza wa mzee Hannes Eyjolfson na mama Lilja. Alifariki Januari mwaka huu, ardhi ikiwa imeganda hata kaburi halichimbiki, na kama ilivyo kawaida yetu amesubiri katika chumba cha baridi mpaka leo, tarehe 18 Mei. Kwa hiyo mkewe Thordis, anayewasomea wasifu huu, amepata wasaa mzuri wa kuuandika.

Alisoma Arborg, kisha Winnipeg, na daima alikuwa wa kwanza darasani. Utotoni alivunja sleji ya baba yake, ile ya kutelezea thelujini, akasema aliyeivunja ni mdogo wake Leifur. Leifur alichapwa. Baldur alikaa mezani akala keki ya plamu ya mama yao, vipande viwili. Leifur husimulia kisa hiki kila Krismasi huku akicheka. Siku za mwanzo hata mkewe alikicheka.

Mwaka 1983 alifungua maabara yake Winnipeg kuchunguza namna seli za ubongo zinavyoungana. Juu ya utando wa seli kuna protini zinazoshika protini za seli jirani, na hapo panapatikana kiungo cha kupitishia ujumbe. Marehemu aliamini protini moja ndiyo inayokizaa kiungo hicho: ikikosekana, kiungo hakipo. Aliisema imani hiyo kila mahali, na fedha za utafiti zikaja.

Alifunga ndoa na Thordis, mtafiti katika maabara hiyo, tarehe 14 Juni 1986 katika kanisa la Gimli. Alikuwa bwana harusi mtanashati, hilo hakuna wa kumnyima.

Mwaka 1996 mkewe alizalisha panya wasio na protini ile. Walizaliwa, wakashindwa kupumua, wakafa. Alipokata vipande vya bongo zao na kuvitazama, lo! Viungo vilikuwepo tele, vimeshikana vizuri kabisa. Lakini alipopima umeme, ujumbe ulipita kwa shida mno. Maana yake protini ile haizai kiungo. Inakiwezesha kufanya kazi. Alipeleka habari hiyo kwenye kikao cha Jumatatu, mbele ya wanafunzi wote.

"Umechanganya vizimba, mama," marehemu alisema. "Hao ni panya wazima. Mimba imekupanda kichwani."

Wanafunzi wakacheka.

"Sijachanganya kitu. Pima mwenyewe."

"Nipoteze muda wangu? Kapumzike nyumbani."

Kristjana alizaliwa Machi 1997. Mama akinyonyesha, baba alirudia jaribio kimyakimya, akapata majibu yaleyale, akayachapisha kwa jina lake. Mwishoni kabisa alimshukuru mkewe kwa kutunza panya.

"Baldur, jina langu liko wapi?" alimuuliza jikoni.

"Si hilo hapo chini? Tena nimekushukuru."

"Kwa kulisha panya!"

"Sasa, hukuwalisha?"

Msiulize kwa nini mkewe hakuondoka. Alijaribu. Kila maabara aliyoomba kazi ilimpigia simu marehemu kwanza, na marehemu, kwa upole wake mnaoujua, aliwajibu kuwa mama huyu ni mzuri ila huchanganya vizimba. Uongo ule ulimfungia kila mlango, na wapo waliomo humu ndani walioupokea simuni wakaubeba kama ulivyo. Wanajijua.

Mwaka 2003 marehemu alipewa medali ya dhahabu mjini Toronto. Aliwaeleza watu jinsi seli mbili zinavyoweza kushikana barabara na bado ujumbe usipite. Mkewe, kwenye meza ya mbele, alimwelewa kuliko wote ukumbini. Nyumbani kwao hali ilikuwa hiyohiyo tangu siku ile ya jikoni.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Agosti iliyopita. Mkewe alimuogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Hakumlipizia kisasi mtu asiyeweza kusimama. Wiki ya mwisho akili yake ilikuwa timamu.

"Thordis, medali niwekeeni mfukoni, nizikwe nayo. Na wasifu uandike wewe, unajua kuandika."

"Nitaandika."

"Usisahau wale panya."

"Thubutu! Nitawasahauje?"

Alifariki tarehe 21 Januari 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Leifur aliusoma wasifu huu juzi, akakaa chini.

"Shemeji, watu watasema nini?"

"Waseme. Nimemeza shubiri tangu Kristjana yuko tumboni. Leo wameze wao."

"Lakini amekufa, Thordis."

"Na mimi bado ni yule aliyechanganya vizimba."

 Leifur akasema hata kisa cha ile sleji kilimuuma.

Marehemu ameacha mke, binti yake Kristjana na mumewe, wajukuu wawili, na mdogo wake Leifur. Mkuu wa chuo, uliyeketi hapo mbele, ulitaka kuliandika jina la marehemu kwenye ukuta wa maabara kwa ugunduzi ule. Fundi asubiri kidogo. Utaletewa jina lenyewe. Na medali haimo jenezani. Ninaivua skafu hii ya shingoni sasa ili muione ilipo.

Baldur, pumzika. Amani itafute mwenyewe.